Ufa Niliouziba Mara Tatu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Zaina, naikumbuka hata nikiwa nakunywa chai yangu tu. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, nimeshusha mifuko saba ya saruji mbele ya nyumba ya mama yangu, kwetu Kisarawe. Nimevua shati, mwiko mpya mkononi, majirani wametoka kunitazama. Na mie, bwana wee, nikajiona mwanaume kweli kweli.

Usinikatize. Najua unasema moyoni, baba kazeeka, kaanza tena hadithi zake. Lakini sikukuita hapa Mkuza leo kula wali tu. Juzi nilipokuja kwako Tangini ulinizungusha chumba kwa chumba kunionyesha nyumba uliyoinunua, na nilifurahi, wallahi. Ukaniambia bomba la jikoni umelibadilisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na kitasa cha mlango wa nyuma umekifunga mwenyewe. Nikacheka, nikasema huyu damu yangu. Tulipofika chumba cha mjukuu wangu, harufu ya rangi mbichi ikanipiga puani. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa mweupe kuliko kuta nyingine. Nikakuuliza, ukanijibu, "Palikuwa na kiufa kidogo tu baba, na unyevunyevu. Nimeshakimaliza." Chai yako sikuimaliza, nawe ukadhani sukari imezidi.

Sukari haikuzidi, mwanangu. Nilimkumbuka mama.

Bibi yako, Bi Mwanaidi, wewe humjui. Ulikuwa bado unatambaa alipofariki. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, nguzo alizichimbia kaka yake, mjomba Kondo, tangu mimi sijazaliwa. Ilikuwa nyumba nzuri, hilo nalisema leo, wakati ule nisingelisema hata kwa kufinywa. Kila masika yakiisha, akina mama wa jirani walikusanyika kusiriba nyumba ya mmoja wao, kesho yake wanahamia kwa mwingine. Udongo walichimba kichuguuni, wakaukanyaga na maji kwa miguu, wakaupaka ukutani kwa viganja. Kelele na vicheko mpaka jua linazama! Na mkono wa mama ukipita ukutani ulikuwa unajua kila kitu. Hapa pamelegea, hapa fito imeliwa. Nguzo ikioza aliitwa mjomba Kondo akaing'oa wiki hiyo hiyo, akachimbia mpya.

Mimi nikaona aibu. Baba yangu alipofariki, wenzangu wa ofisini Kibaha walikuja msibani, na mmoja wao akanitania, "Karani mzima, kumbe mama yako bado anaishi kwenye udongo?" Walicheka, nami nikacheka nao. Lakini lile neno nikaondoka nalo. Nyumba yangu hii hapa ilipokwisha, ile saruji iliyobaki nikaipakia kwenye lori nikaipeleka Kisarawe. Nilikuwa nimewatazama mafundi wakipiga lipu miezi kadhaa, nikasema hii kazi naiweza, fundi wa nini?

Mjomba Kondo akaja na baiskeli yake. Akakuta nimeshapigilia wavu wa kuku kwenye nguzo ili saruji ishike. Akaugonga ukuta kwa vidole, akaniangalia.

"Mpwa wangu," akasema, "hiyo saruji kajengee matofali. Nguzo hizi zimesimama kwa sababu zinapata hewa na mama yako anazipapasa kila mwaka. Ukizifunika, maji yataingia yasijue pa kutokea, na mchwa watakula asiwepo wa kuwaona."

Nikamjibu, "Mjomba, hayo mambo ya zamani. Siku hizi watu wanapiga lipu."

"Haya. Umenishinda," akasema. Akapanda baiskeli yake akaenda zake, na mimi, mjinga mimi, nikacheka na mwiko mkononi.

Nyumba ikapendeza, usiniulize. Nikapiga lipu ndani na nje, nikapaka chokaa, nikamwandikia mama jina lake juu ya mlango saruji ikiwa mbichi. Watu wakapita kuitazama. Mama alifurahi, au alifurahi kwa ajili yangu, mpaka leo sijui ni lipi. Masika yalipoisha akina mama wakaja na ndoo zao kama kawaida, Bi Tatu wa nyumba ya jirani yuko mbele. Wakakuta hakuna cha kusiriba. Wakanywa chai, wakaugusagusa ule ukuta, wakaondoka. Mwaka uliofuata hawakuja tena.

Kisha ukatokea ufa, chumbani kwa mama, kuanzia kona ya dirisha kushuka mpaka kitandani. Nikaja Jumamosi na saruji kidogo kwenye kopo, nikauziba. Baada ya miezi ukarudi, nikauziba tena. Safari ile ya pili mama akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, ukuta huu unatafunwa. Weka sikio usikilize."

Niliweka sikio. Na nilisikia, Zaina. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nilisikia kitu kinakwaruza huko ndani, taratibu, kama mtu anayekula bisi kwa siri. Nikainua kichwa nikasema, "Panya hao, mama. Nitakuletea dawa."

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu ningesema ni mchwa, ingebidi niibomoe lipu yangu mbele za watu. Ingebidi niende kwa mjomba Kondo nimwambie, mjomba, ulisema kweli. Nilikuwa na kichwa kigumu, mwanangu, na kichwa kigumu kikiwa na mwiko mkononi ni balaa tupu.

Safari ya tatu nikakuta mama amekivuta kitanda chake mpaka katikati ya chumba.

"Ala! Mama, mbona umekiweka kitanda kama cha wodini?"

"Nauogopa ule ufa, baba."

"Hakuna cha kuogopa, nauziba sasa hivi."

Nikauziba, nikapaka chokaa juu, ukuta ukawa mweupe pee, usingejua kama paliwahi kuwa na kitu. Halafu nikakisukuma kitanda chake nikakirudisha ukutani pale pale. Kwa mikono yangu hii. Mama akakitazama kitanda, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Hazikupita wiki mbili. Mvua ilinyesha mfululizo, na alasiri moja nikiwa ofisini nikamwona mjomba Kondo amesimama mlangoni, matope mpaka magotini. Nikainuka kitini kabla hajafungua mdomo. Hakusema, "Nilikwambia." Laiti angesema! Alisema tu, "Mama yako yu hai. Twende."

Mama alikuwa ameswali adhuhuri, akajilaza kidogo. Ukuta ukaja ndani. Mjomba alinieleza njiani, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Udongo mtupu ungemomonyoka kidogo kidogo, mtu angesikia akatoka. Lakini mimi nilikuwa nimeufunga kwa wavu na saruji pande zote mbili, kwa hiyo uliachia mzima mzima, ukamlalia. Bi Tatu na wanawe ndio waliomtoa. Nilipofika niliziokota zile nguzo, nikaziminya, zikawa unga mkononi. Ndani ya lipu yangu hakukuwa na nyumba tena, tangu siku nyingi.

Nyonga ya mama ilivunjika. Alipotoka hospitali nikamleta hapa Mkuza, katika chumba kile unachopenda kulala ukija. Kitanda chake kilikaa pale ulipoweka mkoba wako. Hakutembea tena. Nyumba ya mwanawe, mabati mapya, sakafu laini, mkwe anamheshimu, na bado kila nikirudi kazini swali lake ni moja.

"Nyumba yangu imefikia wapi?"

"Wameshachimbia nguzo, mama."

Mwezi ukipita: "Imefikia wapi?"

"Bado mabati tu."

"Na lile dirisha langu la kutazama njiani, umelirudisha?"

"Nimelirudisha, mama. Pale pale."

Hakukuwa na nguzo, mwanangu. Hakukuwa na dirisha. Kuta zilizobaki majirani walikuwa wameziangusha zisije zikaua mtoto wa mtu, na pale palikuwa kifusi kinachoota majani. Na wala usidhani nilikosa uwezo. Udongo uko bure, miti iko porini, akina mama wale wangekuja hata bila kuitwa. Kilichonishinda ni kusimama mbele ya mjomba Kondo na kusema nisaidie. Nilikuwa najiambia wiki ijayo, ikifika wiki hiyo nasema mwezi ujao. Na mama akawa ananiuliza kwa sauti ile ile, bila hasira, mwaka mzima na zaidi.

Alifariki asubuhi moja, amemaliza uji wake, wewe umekaa sakafuni unachezea kanga yake. Jioni yake ya mwisho alikuwa ameniuliza, nami nikamwambia, "Imekwisha mama, ukipata nguvu nakupeleka." Akatabasamu, akanishika kichwa. Nikaona nimemfurahisha.

Tukampeleka Kisarawe. Gari liliposimama, Bi Tatu akatoka kutupokea na kilio, kisha akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tutamtolea mlango gani?"

Mama alizoea kusema, mbele ya wenzake wote, kwamba yeye anataka kuoshwa ndani mwake na kutolewa kwa mlango wake. Akaoshwa nyumbani kwa Bi Tatu. Akatolewa kwa mlango wa Bi Tatu, akapitishwa mbele ya kile kifusi. Lile bamba la saruji nililomwandikia jina lake lilikuwa limelala kwenye majani, maandishi juu. Wanaume wakalizunguka wasilikanyage. Mie nilikuwa nimebeba jeneza upande ule, nikalisoma.

Tulipotoka makaburini nilikaa peke yangu kwenye mawe, Bi Tatu akanifuata. Nikamwambia, "Afadhali hakuijua hali hii. Alikufa anadhani nyumba ipo."

Akaketi kando yangu. "Mwanangu," akasema, "mama yako alijua. Nilipokuja kumwona Mkuza aliniuliza, nami sikumficha. Nikataka nikwambie uache kumdanganya, akanikataza. Akasema, mwache, namuuliza kila siku ili apate nafasi ya kuniambia mwenyewe."

Astaghfirullah. Zaidi ya mwaka, kila jioni, mama yangu alikuwa ananifungulia mlango, na mimi kila jioni naufunga.

Mjomba Kondo nilimwendea wiki ile ile, nikapiga magoti, nikasema yote. Akaniinua, akasema tu, "Pole, mpwa wangu." Alinisamehe. Yule niliyetakiwa kumwambia kabla yake hakuwepo tena kunisamehe, na hilo, Zaina, ndilo linalonifanya nikae na chai yangu nikiukodolea macho ukuta, halafu mnasema babu kashaanza kusinzia.

Basi nisikie. Sikukatazi kushika nyundo. Mwenye nyumba asiyeweza hata kufunga kitasa atapata tabu maisha yake yote. Fanya, jifunze, uharibu, ucheke, urudie. Lakini usifunike kitu ambacho hujajua kinatoka wapi. Doa likitokea ukutani, usikimbilie rangi, fuata maji mpaka uyaone yanapoanzia. Ufa ukirudi mara ya pili, ujue ulichoziba si chenyewe. Ukisikia kitu huko ndani, kitaje kwa jina lake, hata kama jina hilo litakulazimu ubomoe kazi yako mwenyewe mbele ya watu. Anayelala chumba kile akikwambia anaogopa, mwamini, hata awe mjukuu wangu wa miaka minne. Na kama kazi imekushinda, sema imenishinda. Mimi neno hilo dogo lilinitoka mama akiwa ameshazikwa.

Na mimi ukiniuliza kitu, au nikikuuliza, tuambiane ukweli. Niambie, baba, sijakimaliza. Sitakucheka.

Ukirudi leo, kabla hujavua viatu, kivute kitanda cha mjukuu wangu kutoka kwenye ule ukuta. Jumamosi nakuja Tangini na nyundo yangu na fundi mmoja mtu mzima ninayemwamini. Tutaibandua ile rangi yako nzuri, tuone nyuma yake kuna nini. Ukikasirika, kasirika, chai nitaimaliza.

Nakuombea, mwanangu. Mungu aitunze nyumba yako na waliomo, akupe macho ya kuona kilichojificha na moyo wa kukisema. Akuzeeshe humo humo, na wanao na wajukuu zako wakikuzunguka. Na siku yako ikifika, mbali huko, mimi nimeshasahaulika, akujaalie utolewe kwa mlango wako mwenyewe.