Maovaroli ya Wakaguzi wa Sumu

Siku tuliyomzika mke wangu, pikipiki ilileta mfuko wa nguo za kufua.

Watu wamejaa uani kwenye viti vya kukodi, wanalia. Dereva hata kofia hajavua. "Mama yuko wapi nimuachie mzigo?"

Nikamwambia, "Yuko chini. Kachimbe umuulize."

Mfuko ulitoka ofisi ya wakaguzi wa dawa za wadudu. Si mnawajua. Wanazunguka maghalani na mashambani wakifokea watu: vaa glavu, funika pua, hii sumu.

Wakimaliza kufoka, maovaroli yao yanakuja kwenye beseni letu. Mke wangu aliyafua kwa mikono mitupu, miaka.

Vidole vikaanza kuchubuka. Kikaja kikohozi. Mwisho pumzi ikawa ya kutafuta.

Majirani, madaktari wa bure, wakasema karogwa. Wengine wakasema anadeka, eti sabuni inamaliza kila kitu. Mbona dawa ina mhuri wa serikali? Watu wetu wanauamini mhuri kuliko mtu anayekohoa mbele yao.

Matanga yalipoisha, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaubeba ule mfuko.

"Shemeji, uache huo."

"Nikiuacha, wanangu watakula maneno yako?"

Nikamwambia basi twende kwanza ofisini kwao tukaulize.

Tukaenda. Yeye na mfuko wake kichwani, mimi na ovaroli moja kwapani.

Bosi wa wakaguzi alikuwa anakunywa chai. Akatupa pole, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu anasingiziwa mengi na watu wenye viti vya kuzunguka.

Nikamuuliza, "Mzee, shemeji yangu ndiye atakayefua sasa. Kuna madhara?"

"Madhara ya nini? Vumbi tu hilo. Nyie mnapenda kukuza mambo."

"Sawa." Nikamtupia ovaroli mapajani.

Jamaa aliruka kama kakalia kaa la moto. Chai huko, kiti huko. "Toa kitu hicho. Nani kamruhusu huyu kuingia? Leteni glavu, upesi."

Karani wake alishajibana ukutani, mtandio puani.

Shemeji hakunitazama mimi. Alimtazama bosi. Halafu akautua mfuko katikati ya ofisi, akaifuta mikono yake kwenye pazia lao, akatoka.

Nikaliokota ovaroli langu.

Kumbe hawakujua. Lile halikutoka kwenye mfuko. Lilikuwa safi, limepigwa pasi, limekunjwa. Ndilo la mwisho alilofua mke wangu kabla hajalala moja kwa moja.

Bosi alikimbia nguo safi. Kwa hiyo alijua, siku zote alijua.

Ndugu msomaji, mimi shule sikufika mbali, ila hili shika. Mtu akikwambia kitu hakina madhara, mpe akishike yeye kwanza. Mwangalie mikono, achana na mdomo.

Beseni nimelitoboa.