Tembe za Akiba

Uchaguzi ukikaribia, kila nyumba mtaani Langas iliweka akiba: unga, sukari, mafuta taa. Mimi, msichana wa kidato cha tatu niliyejiona nina akili kuliko mtaa mzima, niliweka akiba ya tembe za mama.

Mama alikuwa na pumu; vumbi la mahindi aliyopepeta sokoni lilimmaliza. Kliniki walimpa pampu ya kuvuta akizidiwa, na tembe moja ya kumeza kila jioni. Tangu aanze hizo tembe alikuwa akiimba akisonga ugali, na ile sauti, jameni, naitamani hadi leo. Nikamwambia kwa vile yuko sawa, aache kumeza, tuziweke za siku mbaya. Akanisikiza. Si mimi ndiye niliyesoma?

Siku mbaya ikaja: matokeo yalitangazwa, vita vikazuka. Nyumba zilichomwa, tukakimbilia uwanja wa maonyesho na blanketi mbili na mkebe uliojaa tembe. Moshi ulikuwa umemkaba mama, na pampu ilikuwa imeisha. Nikampa tembe, nikangoja. Nikampa ya pili. Kifua kilizidi kupiga filimbi, midomo ikabadilika rangi, na dawa ninayo mkononi. Sijawahi kuogopa vile.

Kwenye hema la matibabu pale uwanjani, muuguzi alimwekea mashine ya hewa mpaka akatulia. Kisha akatueleza. Mwili ukichokozwa hutoa kemikali zinazoita chembe nyeupe za damu kwenye njia ya pumzi. Zikijaa huko, njia inavimba. Tembe huziba vipokezi, yaani mahali wito ule unapopokelewa, ili chembe nyingi zisije. Lakini ni ya kila siku. Shambulio likishaanza, tembe haiwezi kulizima.

Akauliza, sasa kwa ukali, ni nani alimshauri mama aache. Nilitazama chini. Mama hata kuongea kulimchosha.

"Ni mimi, sista," mama akasema. "Kichwa changu ni kigumu."

Alikemewa mbele ya watu, naye akaitikia tu, pole sista, pole sista. Mimi nikawa nakunja blanketi zetu.

Tulihamia mtaa wa Kapsoya, na mama hakuruka tembe tena. Hakunigusia jambo lile hata siku moja. Nilipanga kumwomba msamaha nikimaliza shule, halafu nikipata kazi, halafu Krismasi. Mwaka jana tukamzika. Haikuwa kifua, ni moyo. Kwenye mazishi mjomba alisimulia jinsi dadake alivyokuwa mkaidi, mpaka akaacha dawa wakati wa vita, karibu ajiue. Watu wakacheka kwa mapenzi.

Nami nikacheka nao.