Ncha ya Msala wa Baba

Utotoni mwangu nilikuwa na kazi moja niliyoionea fahari: kukunja ncha ya msala wa baba kila akimaliza kusali. Nyumbani kwetu Mji Mkongwe iliaminika kwamba msala ukiachwa wazi, shetani huja kusali juu yake, na mwenye msala hupatwa na baya. Bibi alituambia hivyo, naye aliambiwa na bibi yake, wala hakuna aliyetaka kujaribu aone.

Baba alikuwa fundi saa. Kusali alinifundisha mwenyewe, nikisimama nyuma yake. Alasiri moja, miezi michache baada ya Mapinduzi, aligeuka akaniuliza, "Hiyo sala, au kuku anadonoa mchele? Rudia." Nilikuwa na miaka minane na kiburi cha mtu mzima. Nilirudia, lakini nikanuna, na msala wake nikauacha wazi kwa makusudi.

Muda si muda watu wawili wakabisha hodi, wakamwita. Baba akavaa makubadhi yake, akamwambia mama, "Nnarudi sasa hivi." Hakurudi.

Watu wazima walinong'ona mambo ya siasa. Mimi nilijua ni msala. Na kibaya zaidi, mama alikataza usikunjwe. "Uache. Akirudi atasalia hapo hapo." Kila nilipopata nafasi niliikunja ncha, na kila niliporudi nilikuta ameshaitandaza. Tuliishi hivyo miaka, bila kuambizana neno. Nilisali sala zote tano kwa hofu tupu.

Nilimweleza mama kosa langu la msala nilipokuwa karibu kuolewa, huku nalia. Mama aliiweka chini kofia aliyokuwa akishona.

"Masikini mwanangu. Babako aliuona ule msala uko wazi. Akivaa makubadhi alinionyesha kwa kidevu, akacheka. Akasema, 'Mwache anune, kesho atasali vizuri.'"

"Mbona hukunambia, mama?"

"Mimi nikidhani unaukunja kwa sababu ushamkatia tamaa. Nilikuwa na hasira na wewe."

Leo wajukuu nawaambia wakunje msala usiingie vumbi, shetani simtaji. Juzi mdogo wao nilimkosoa sala, akanuna, akauacha wazi, akatoka kwenda kucheza. Mkono wangu ulishakwenda kuukunja. Niliurudisha, nikakaa kumngoja. Alirudi magharibi, miguu imejaa mchanga, akanikuta nalia, akadhani nimemkasirikia.

Safari hii nilimwambia papo hapo kwamba sivyo.