Bolti Nne za Zinki

Shule niliiachia darasa la tano, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Karakana yangu hapa Mutuini niliianza na nyundo ya kuazima. Yale mageti ya Spring Valley, mtaa wa matajiri, ambayo watu husimama kuyatazama, mengine yalitoka mkononi mwangu. Nayasema haya mapema ili mjue ni kiburi cha namna gani kiliniponza.

Msichana mmoja wa chuo kikuu, mtu wa Magharibi mwa Kenya, alikuwa amepanga chumba nyuma ya karakana. Alisomea fizikia ya vitu vidogo mno. Siku moja akaniletea mchoro wa kishikio cha kuingizia vipande vya glasi kwenye tanuri la chuo. Juu ya glasi hizo alikuwa anapaka utando wa kunasa nguvu za jua.

"Utando mwembamba kiasi gani?" nikamuuliza.

"Mzee, ng'oa unywele mmoja, uupasue kwa urefu mara elfu kadhaa."

"Mimi sina nywele za kupoteza, mama."

Akacheka. Alisisitiza jambo moja tu: kila kitu kiwe stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu, hata bolti.

Kishikio chenyewe nilikitengeneza kwa stenlesi safi. Bolti zake sikuwa nazo. Zilipatikana Kirinyaga Road, na sikuona sababu ya kwenda mjini kwa ajili ya bolti nne. Nikatoa nne kwenye mkebe wangu, za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, nikazisugua zikang'aa. Bolti ni bolti. Nani angeona?

Miezi ikapita. Jumamosi moja akaja, amekonda.

"Kuna madini inaingia kwa glasi zangu tukiwasha moto," akasema. "Mwalimu anasema ni mikono yangu michafu. Nimebadilisha glavu, nimebadilisha sabuni, hata mafuta ya kujipaka nimeacha."

Nikaiona ile mikono. Ilikuwa imepauka, imepasuka kwenye vidole.

Hapo nilijua. Fundi yeyote wa kuchomelea anajua kwamba zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe. Ukituingia kifuani, sisi hunywa maziwa. Sikuhitaji chuo kikuu kunieleza.

"Mzee, zile bolti ni stenlesi kweli?"

"Unaniuliza mimi? Nilikuwa nachomelea chuma kabla mama yako hajaolewa!"

"Pole, mzee. Sikumaanisha vibaya."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Wiki mbili baadaye aliniuliza tena, amesimama mlangoni. Mwalimu alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi. Utando usipotoka safi, auache utafiti ule, na shahada yake iende nao. Nikamwambia bolti zangu hazina kosa. Nikashusha miwani ya kuchomelea, nikaendelea na kazi, naye akabaki pale kidogo akiangalia cheche.

Siwezi kujisifu kwamba nilimwonea huruma. Siku ya tatu nilichomelea bomba la zinki, nikafungua pakiti ya maziwa kama kawaida yangu, nikaiweka chini bila kuinywa.

Nikavaa koti la kanisani nikaenda chuoni. Maabara niliyoelekezwa ilikuwa juu, ngazi nyingi. Nilimkuta na mwalimu wake, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Sikusalimu hata.

"Ni bolti," nikamwambia mwalimu. "Mikono ya huyu haina uchafu. Niliweka bolti za zinki. Na aliponiuliza, nilikuwa najua."

Msichana hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza, mzee. Mara mbili."

Mimi niliyezoea kuwafokea mainjinia kwenye majengo yao, nikazishuka zile ngazi zote polepole.

Aliongezewa muhula, maana yake wenzake wakahitimu akiwaangalia. Wiki ileile akaja karakanani na kile kishikio na bolti mpya alizojinunulia. Nikanyoosha mkono nizipokee. Akaomba spana. Akafungua zangu mwenyewe, akafunga zake.

Kisha akatoa sumaku mfukoni. Stenlesi ya aina aliyotaka haishikwi na sumaku. Akaanza kukipima kishikio changu, upande kwa upande, kila pembe niliyoichomelea, nami nimekishika kwa mikono miwili nikimgeuzia.

Hakuna mahali sumaku iliposhika. Aliendelea kupima hadi pembe ya mwisho.