Swali Alilolimeza Mama

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na wala haikuwa siku ya heri. Ilikuwa alasiri, kwetu Bahi, nami msichana niliyemaliza darasa la saba na kujiona nimefika. Tumeketi uani kwa Mzee Ndahani, katibu wa kijiji, watu wazima na vijana, kikundi cha masomo, tumeizunguka redio moja. Usicheke. Ninyi mna vishikwambi. Sisi tulianika betri juani zipate nguvu. Lakini shule ilikuwa shule. Kipindi kikiwa hewani tunasikiliza kimya. Kikiisha, redio inazimwa, kisha kila mtu anaeleza alichoelewa na kuuliza alichokosa. Hiyo nusu ya pili ndiyo ilikuwa masomo yenyewe.

Kiongozi wa kikundi alikuwa kijana aliyeitwa Elieza. Alisoma mjini Dodoma, akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi kama shati lake. Aliwekwa pale asimamie mazungumzo, siyo ahubiri. Lakini we! Mpe kijana kiti uone. Kipindi kikiisha anarudia yote mwenyewe, watu wanapiga makofi, tunatawanyika.

Siku hiyo somo lilikuwa kuharisha kwa watoto. Mvua zilikuwa zimejaza mbuga, maji yamechafuka, watoto wanaugua nyumba hadi nyumba. Redio ikaeleza namna ya kumchanganyia mtoto maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kidogo, kwa kipimo. Mwishoni kila mama akagawiwa pakiti ya chumvi ya dukani.

Sasa nisikilize vizuri. Sisi chumvi ya duka hatukuizoea. Yetu tuliikwangua mbugani maji yakikauka. Unaloweka ule udongo, unachuja, unachemsha. Ni chumvi dhaifu, ina vumbi, na mboga ya chungu kimoja unaitilia kiganja kizima. Mama yangu mzazi akaitazama ile pakiti, akasimama, akaanza kuuliza kwa Kigogo kama hii nayo inapimwa kama ile yetu. Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni tu.

"Mama, hapa tunasoma kwa Kiswahili," Elieza akamkatiza. "Na hayo redio imeshayasema."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, kilikuwa kicheko cha watu wanaotaka kwenda nyumbani. Mama akaketi, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Na nikwambie, wengi wa waliocheka jibu hawakulijua.

Haikupita wiki, mdogo wangu Yona, aliyekuwa bado anatambaa, akaanza kuharisha. Mama akafanya yote aliyoyasikia. Akachemsha maji, akayapoza, akatia sukari, akatia chumvi ya duka kwa kiganja. Mtoto akinywa analia kiu, naye anazidi kumpa. Lo, mwanangu! Alimpa kwa upendo wote alionao mama. Mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Baba akawapakia kwenye baiskeli, na walipofika zahanati Yona alikuwa ameshakata roho. Mganga akaonja maji yaliyobaki kwenye chupa, akayatema kwa ukali wa chumvi. Akamwita baba nje amweleze, lakini mama alikuwa ameshamwona anavyotema.

Wahenga wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika mbele yao, na hakuna aliyelizuia.

Msibani Elieza akaja kutoa pole, kichwa chini. Mzee Ndahani akamsimamisha mbele yetu sote. "Redio nilikupa iwe ya watu, ukaifanya kinywa chako," alimwambia. "Mtu akiuliza ndipo unajua amefika wapi. Wewe ukamnyamazisha. Sasa tumezika." Elieza akalia kama mtoto. Alie asilie, maji yakimwagika hayazoleki.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuuliza tena kitu. Kanisani, mnadani, popote ni "ndiyo, ndiyo" tu. Hata alipougua ugonjwa uliomwondoa, daktari akimwuliza kama ameelewa dawa anaitikia ndiyo, kisha akitoka nje ananishika mkono, hajui kidonge kipi ni cha asubuhi. Inaniuma mpaka leo. Kile kicheko sijakisamehe, na wala sijisumbui kujaribu.

Mbona nakusimulia haya hapa Mkonze, Damari, na chakula kinapoa? Kwa sababu jana nilikusikia. Unasomea uuguzi, masomo mengi yamehamia kwenye simu, na wenzako wamekuchagua uongoze kundi lenu. Nikakusikia unamwambia rafiki yako huku unacheka kwamba yule kijana wa Kongwa anauliza maswali ya kitoto, anawajazia meseji, basi umemtoa kundini. Eti aangalie video. Usinitolee macho! Video haijui kama ameelewa. Na wale wengine wanaoweka vidole gumba kila ukituma somo, unajuaje kama siyo ile "ndiyo" ya mama yangu? Huyo unayemwita msumbufu anawaulizia walioogopa.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kumcheka anayeuliza, na ujinga huo unaua. Mrudishe. Mwombe radhi palepale kundini ulipomtolea, maana ukimwomba pembeni, waoga hawatajua kwamba ruhusa ipo. Mjibu mbele ya wote. Usipojua sema sijui, mlitafute jibu pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiandika somo likaeleweka, liache wazi alichukue yeyote, hata wa chuo kingine, na asiye na bando mpelekee kwenye karatasi. Akiuliza kwa Kiswahili kibovu, au kwa Kigogo, jibu swali lake, lugha yake iache.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe mikono myepesi na moyo usiochoka kuulizwa. Na siku atakapokuja kwako mama mwenye mtoto mgonjwa, akaitikia "ndiyo" huku anatazama chini, Mungu akuketishe karibu naye mpaka akuulize.