Korongo wa Sebuleni

Juzi nikiwa kwenye studio ya picha hapa Nakuru, mama mmoja aliomba picha iliyo kwenye simu yake ichapishwe kubwa na kutiwa fremu. Mwenye studio akashusha sauti.

"Pole sana, mathe. Marehemu alizaliwa lini?"

Mama akamsogezea simu hadi usoni. Pichani alikuwa ndege korongo, mbawa wazi, katikati ya shamba la mahindi.

"Marehemu gani, boss? Huyu nimempiga picha mwenyewe leo asubuhi, huko Bahati."

"Picha ya saizi hii watu hutaka ya matanga."

"Yangu ni ya sebuleni. Kwani lazima kitu kife ndio tukitundike ukutani?"

"Sasa hapa chini niandike nini?"

"Andika: Bado yuko."

Kuta zetu zimejaa waliotutoka. Mama amegoma, na mimi nimejiunga na mgomo.