Chuma cha Koko, Kinu cha Mama

Juzi nilikuwa sokoni Kasongo, pale wanapopanga foleni kusagisha sombe. Mashine inanguruma, unatia majani ya muhogo juu, yanatoka chini yakiwa laini, na kabla hujamaliza kumsalimia jirani kazi imekwisha. Zamu yangu ilipokaribia, mashine ikazimika. Mafuta yalikuwa yameisha. Katika ule ukimya, nyuma ya ukuta, nikasikia mtu akitwanga: tu, tu, tu. Rafiki yangu, beseni lilinitoka mkononi. Watu wa foleni walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimeshaondoka Kasongo. Nilikuwa msituni upande wa Wamaza, mtoto mdogo wa shule ya msingi.

Kijiji chetu kilikuwa huko, ndani ya eneo la Kabambare. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi, na kengele yake ilikuwa jante ya lori, chuma cha gurudumu, iliyotundikwa kwenye mti wa avoka. Kazi ya kuipiga ilikuwa ya nyanya yangu, koko kama tulivyomwita, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa, hata mwalimu wa kanisa. Jumapili akiipiga, mbwa wote wa kijiji walilia, naye alisema mbwa wetu wana imani kuliko vijana wetu.

Kisha ukaja msimu wa watu wenye bunduki. Wao wakapita barabarani, sisi tukaingia msituni, ng'ambo ya kijito, tukajenga vibanda vya majani. Nikwambie ukweli, kinachonijia kwanza ni uzuri wake. Uyoga mpana kama sahani, harufu ya majani yaliyolowa, ukungu wa asubuhi ulioingia mpaka kitandani na kulala nasi. Hatukwenda shule, wala hatukusikitika sana.

Lakini kulikuwa na amri. Usipike mchana, moshi unaonekana. Usiimbe. Na zaidi ya yote, usitwange, maana sauti ya kinu inafika mbali, na anayeisikia anajua pale kuna watu na kuna chakula. Mama alikuwa amekimbia na kinu chake kichwani, wenzake wakamcheka, na sasa kilikuwa kimepinduliwa, tunakikalia kama kiti. Sombe tuliifikicha kwa mikono, tukaiponda polepole kwa jiwe. Ilikuwa na nyuzi, mawese yenyewe ya kuhesabu matone, nasi tuliimeza kimya kimya. Kijiji kisichosikia vinu asubuhi hakijui kama kumekucha.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Mvua zilipozidi akashikwa na homa, kisha kikohozi. Kila alipotaka kukohoa, mama alimziba mdomo kwa kiganja, macho yake yakiwa njiani. Muuguzi wetu naye alikuwa amejificha, hakuna aliyejua wapi. Wanaume walikwenda kuchungulia, wakarudi wakisema kumetulia, barabara haina mtu. Hata hivyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi. Kila mmoja alimtegea mwenzake, na mtoto alizidi kuwa mwepesi mikononi.

Jioni moja koko akasema, bila kupandisha sauti, "Tukingojea woga iishe, mutoto ndiye atakwisha. Kesho ni siku ya Mungu. Nitaenda kupiga chuma yangu."

"Mama, watakuua," mama alisema.

"Mungu hakukimbia na siye. Iko kule, anatungojea."

Macho ya koko yalikuwa yamefifia, alihitaji mtu wa kumshika mkono njiani. Mama alinitazama mimi, akamtazama mtoto, kisha akageuza uso. Asubuhi tukavuka kijito, koko na mimi, roho mkononi.

Kijiji kilikuwa kimeota nyasi mpaka milangoni. Ndani ya jante nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao. Koko alipapasa chini ya paa la kanisa, akatoa kipande cha chuma cha kupigia, akakishika bila kupiga.

"Koko, uko unaogopa?"

"Sana, mama yangu. Sasa simama nyuma, hawa nyigu hawajasikia Injili."

Akafumba macho, midomo ikacheza. Sikusikia alichomwambia Mungu. Kisha akapiga. Nyigu wakamwuma shavuni, hakuacha. Sauti ilipita juu ya mapaa yaliyobomoka, ikaingia msituni, naye aliendelea mpaka mkono ukachoka. Halafu kukawa kimya. Nilitaka kukimbia. Koko aliketi kwenye kizingiti cha kanisa, akanivuta kando yake.

Ndipo, kwa mbali, ng'ambo ya kijito: tu. Tukangoja. Tu, tu, tu.

Nilikijua kinu kile kama ninavyoijua sauti ya mama mwenyewe. Alikuwa amekisimamisha mchana kweupe, mtoto mgongoni, anatwanga. Bidoni ya maji ikagongwa, kisha sufuria, kisha kutoka upande ambao hatukujua kuna watu, kinu kingine. Kumbe mama hakuwa peke yake aliyekimbia na kinu. Koko alicheka huku machozi yakimtiririka kwenye shavu lililovimba.

"Umesikia?" akaniambia. "Wamesema Amina."

Watu walirudi kabla jua halijawa kali. Muuguzi naye alitokea, amebeba sanduku lake la dawa kichwani, na wa kwanza kuitwa alikuwa mdogo wangu.

Koko amelala kaburini siku nyingi sasa. Kanisa lina mabati na kipaza sauti, na jante sijui ilikwenda na nani. Vinu vinaozea nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Siilaumu mashine, mikono yangu inaishukuru, ila asubuhi za siku hizi naziona kama zimepoteza ulimi.

Mdogo wangu yule anaendesha taksi ya pikipiki hapa Kasongo. Jioni ile ya juzi, baada ya mashine kupata mafuta, nilimpakulia sombe, nikamsimulia yote, naye akasikiliza huku anakula.

"Dada, mimi sikumbuki kitu," akasema. "Lakini sombe iko muzuri."

Pilipili ikampalia. Akakohoa, akakohoa kwa kishindo, mpaka majirani wakauliza kuna nini, na hakuna mtu aliyemziba mdomo.